Pakiti Isiyojibiwa

Mbwajumali, 3 Mei 2025

Mwanangu Rumaisa,

Assalaam alaikum. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila goti la babako. Kikohozi chako je? Unakula?

Ule mchezo wa simu mnaojifunzia mtandao chuoni nimeufungua. Na majina ya kwetu, Faza na Kiwayu, umeyatia wewe? Nimewaonesha mtaa mzima. Lakini picha moja mle mchezoni, kwa nini uikate vipande ndipo uitume? Naogopa itaharibika.

Lile la kwenda kazini Nairobi mwaka mzima nimemfikishia babako. Amenyamaza.

Mamako


Mombasa, 5 Mei

Mama mpenzi,

Waalaikumu salaam. Kikohozi kimekwisha, na nakula. Vipande hivyo ndivyo pakiti. Kila moja ina namba na hupita ndia yake, kisha zikifika huungwa. Gusa mstari wa Faza uukate, uone.

Baba namwandikia, hajibu. Kazini wanataka jibu Ijumaa, na bila ruhusa yake siendi.

Mwanao


Mbwajumali, 6 Mei

Mwanangu, salaam nyingi. Bado unakula?

Nimeikata Faza, roho juu juu. Pakiti ikageuka, ikapita Mtangawanda, ikafika. Nikacheka peke yangu mpaka wali ukaungua. Nyingine ikapotea. Nikasema inna lillahi, nikafunga simu. Kufungua tena, naona imetumwa upya kutoka Mombasa! Nani aliyeipa Mombasa habari?

Ya babako yasikutie shaka. Mimi nilipoposwa nilinyamaza, wakajua nimekubali. Na yeye ndivyo. Nenda.

Mamako


Mombasa, 7 Mei

Mama, shikamoo. Goti la Baba halijambo?

Hakuna aliyetoa habari. Pakiti ikifika, aliyeipokea hurudisha neno dogo: imefika. Neno lisiporudi, mtumaji hutuma tena, maana hajui kama imepotea au imepokewa. Mimi kimya cha Baba sikijui ni ndiyo au la. Naona haya kuendelea kumsumbua. Ijumaa nitawaambia nafasi wampe mwengine.

Mwanao


Mbwajumali, 8 Mei

Rumaisa, salaam. Usiwaambie kitu kwanza.

Baada ya alasiri nimempa babako simu. Akasema, "Mambo ya watoto haya." Nikamwambia, "Ya mtoto wako." Akakata Faza, akakata na Mtangawanda, akazifunga ndia zote. Pakiti zikawa zatoka Mombasa, zapotea, zatoka tena.

"Mbona yarudia hivi, haichoki?"

"Mombasa yangoja iambiwe imefika."

Akaisogeza simu machoni. "Na Rumaisa naye angoja?"

Maghrib ikaadhiniwa, akaenda msikitini na simu yake mfukoni. Sijui atasema nini, mwanangu. Mimi hata akikataa, nikikumbuka kwamba mambo haya yamo kichwani mwako, mtoto niliyembeba mgongoni, nashindwa kulala kwa furaha. Kula.

Mamako


Mbwajumali, 8 Mei, baada ya isha

Rumaisa,

Waalaikumu salaam, kwa zote ulizoniletea. Zimefika.

Nenda.

Babako