Machela Iliyofanana na Jeneza

Jumanne, 2 Machi 1976

Klorokwini kwa watu kumi na mmoja. Saba hawana homa. Wamekuja kwa sababu jirani amepewa. Nikiwanyima wananuna, nikiwapa dawa inakwisha.

Mzee Kondo ameomba apakwe dawa ya zambarau gotini. Goti halina kidonda, linauma kwa ndani. Nimempaka. Ameondoka hachechemei tena. Sikujua niandike nini kwenye daftari la kazi. Nimeandika "goti".

Tangu nirudi kwenye mafunzo Kisarawe wananiita Daktari. Miezi mitatu ya mafunzo, sanduku moja la mbao, dawa sita. Nilichaguliwa kwa sababu najua kusoma na sina mume wa kunikataza. Mwenyekiti alisema hivyo hivyo mbele ya mkutano wa kijiji na watu wakapiga makofi.

Mdogo wangu Zena anaingia mwezi wa nane. Mimba ya pili. Ile ya kwanza uchungu ulimshika hapa hapa, gari hakuna, tukamtembeza kwa miguu kwenda barabarani Mlandizi. Mwendo wa saa mbili na nusu kwa mtu mzima wa afya. Alijifungua njiani, kwenye shamba la korosho la watu. Mtoto hakulia. Nilikuwepo. Naogopa.

Ijumaa, 5 Machi

Mkutano baada ya sala ya Ijumaa. Nimesimama, nimesema tunahitaji machela na zamu za wabebaji, kila nyumba kumi itoe wanaume wanne. Nimemaliza kwa dakika tano. Mwenyekiti, Mzee Pazi, akarudia niliyosema kwa saa nzima. Sasa ni wazo lake. Sijali, mradi limepita.

Bi Kidawa hakupiga kofi. Ndiye mkunga wa hapa miaka arobaini. Nusu ya waliokuwa kwenye ule mkutano wamezaliwa mikononi mwake, pamoja na mimi na Zena. Aliniangalia kama anaangalia mbuzi aliyeingia jikoni.

Jumatano, 10 Machi

Fundi Mbwana kaleta machela. Fundi Mbwana maisha yake yote katengeneza vitu vitatu tu: milango, vitanda, na jeneza la msikiti. Machela hii si mlango wala si kitanda.

Watu wameizunguka. Mama mmoja akajifunika mdomo kwa khanga. Mzee Kondo akavua kofia.

Bi Kidawa akasema, "Mimi mkinipandisha humo, msinirudishe. Nifukieni huko huko."

Wamecheka wote. Hakuna hata mmoja aliyekubali kulala humo, hata kwa kupimwa urefu. Nimelala mimi. Mwanangu Hadija akaanza kulia. Nikashuka.

Alhamisi, 11 Machi

Tumeipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye ofisi ya kijiji, ili isitishe watu. Sasa ni jeneza la bluu.

Jumamosi, 13 Machi

Siku ndefu. Naandika yote kabla sijasahau, maana hakuna atakayeniamini.

Leo mazoezi ya machela. Kwa kuwa hakuna mgonjwa aliyekubali, Mzee Pazi akatangaza atalala yeye, ili kuondoa ushirikina. Mzee Pazi si mtu mdogo. Wabebaji wanne wakawa sita. Akalala, akakunja mikono kifuani. Nikamwambia aikunjue, inazidisha mambo. Akaendelea kuhutubia akiwa amelala. Kiongozi lazima atangulie, alisema.

Akatangulia kweli. Kwenye kijito wabebaji wa mbele walipanda gogo la mnazi, wa nyuma bado wako topeni. Hotuba ikakatika katikati ya neno "maendeleo". Tumemtoa majini kifundo cha mguu kimegeuka upande. Nimekifunga kwa vijiti viwili na khanga yangu. Fundo limekaa mara ya kwanza. Nimejishangaa.

Basi mazoezi yakawa kazi. Jua kali, nikamfunika Mzee Pazi khanga ya pili, mwili mzima, hata uso. Kosa langu, nakubali.

Tulipofika njia panda ya kwanza, wanaume watatu waliokuwa wanapalilia wakatupa majembe, wakaja mbio, wakapokea machela mabegani. Hawakuuliza kitu. Mbele kidogo wengine watano. Nilidhani ni ukarimu tu. Kisha mzee mmoja nyuma yangu akaanza kuleta tahalili, la ilaha illallah ya mazishini, na watu wote wakaitikia. Hapo nikaelewa. Nani atakataa thawabu za kumbeba marehemu? Kila shamba tulilopita lilitoa watu. Nikihesabu haraka, walifika arobaini. Tulikuwa tunakwenda karibu mbio.

Nilifungua mdomo niwaambie. Nikaona tumeshafika nusu ya njia kwa muda mfupi vile. Nikaufunga. Mungu anisamehe.

Mzee Pazi alikuwa amezimia kidogo kwa maumivu, au kasinzia, yeye mwenyewe anakataa yote mawili. Tukikaribia Mlandizi mzee yule wa tahalili akauliza kwa sauti ya upole, "Marehemu ni mwenyeji wa wapi?"

Khanga ikainuka. "Marehemu nani?" akasema Mzee Pazi.

Sijawahi kuona watu wazima wakitawanyika vile. Wengine waliruka mtaro. Mmoja aliacha baiskeli yake na hakurudi kuichukua mpaka tumeondoka. Wabebaji wetu sita peke yao ndio waliobaki chini ya machela, wakicheka, na Mzee Pazi juu anapiga kelele kwamba yuko hai na ni mwenyekiti.

Afisa kilimo mmoja alituchukua kwenye pikapu mpaka hospitali Kibaha. Tumefika saa nane mchana. Angekuwa ni Zena kwenye machela, naye angefika saa nane hiyo hiyo. Nafikiria hilo tu.

Alhamisi, 18 Machi

Nimekwenda kumwona mwenyekiti. Wodi nzima inamjua. Mguu una plasta mpaka gotini. Anahutubia asubuhi baada ya uji na jioni kabla ya uji. Mgonjwa wa kitanda cha pili ameomba ahamishwe.

Daktari wake ni mwanamke, kijana, mpole, amechoka. Mzee Pazi kambana kila siku: kijiji chetu kina watoto wangapi, wangapi hawajachanjwa, mama wangapi hawajapimwa. Hesabu zote amezitoa kwenye daftari langu. Kumbe alikuwa analisoma. Sikutegemea.

Daktari akaniita pembeni. "Shikamoo, mama," akasema. Mtu aliyesoma vile. Akasema gari la kliniki linaweza kuja kwetu mara moja kwa mwezi kama litavuka kijito. Likishindwa kuvuka, haliji.

Nilirudi na basi mpaka Mlandizi, halafu miguu. Sikuhisi njia.

Jumatatu, 22 Machi

Mzee Pazi karudi na magongo. Kaamuru daraja. Wanaume wamekata magogo kutwa, yeye kakaa kwenye kiti mbele ya kijito akiwaonyesha mahali alipoanguka, kama vile hawakuwepo.

Mimi nilikuwa na kazi ngumu kuliko magogo. Nimekwenda kwa Bi Kidawa. Zena hatanisikiliza mimi uchungu ukianza, atamwita yeye. Wote huanza kwake. Asipoona mapema kwamba mambo yameharibika, machela haina maana.

Nimemkuta anapepeta mchele. Hakunikaribisha mkeka. Nikakaa chini.

"Umesoma miezi mitatu," akasema. "Mimi nimesoma miaka arobaini."

"Ndiyo, bibi. Nimekuja unifundishe."

Sikupenda kusema hivyo. Lakini ni kweli. Akapepeta tena, muda mrefu. Kisha akanyanyua mikono na kunionyesha hewani jinsi ya kumtafuta mtoto tumboni, kichwa wapi, matako wapi. Vidole vyake vinaona. Vyangu bado vipofu.

Nikamwomba aoshe mikono kwa sabuni kabla. Akaniangalia tena kama mbuzi. Lakini sabuni kaipokea.

Jumamosi, 3 Aprili

Masika imeingia kwa hasira. Daraja limeondoka jana mchana. Gogo moja limeonekana kwenye mpunga wa watu. Mzee Pazi hakuhutubia. Hiyo ndiyo imenitisha.

Miguu ya Zena imevimba. Nilipobonyeza, kidole kimeacha shimo. Nimemwambia ahamie kwa shangazi yetu Mlandizi, akangojee huko. Mume wake Selemani kasema baada ya palizi. Nimemwita mpumbavu mbele ya mama yake. Sijutii.

Wagonjwa wanne tu leo. Mvua inaponya wengi.

Jumatano, 7 Aprili

Naandika sasa, kazi imekwisha.

Uchungu ulimwanza Zena alfajiri. Hawakuniita. Nilikaa mlangoni kwangu na sanduku magotini kama mjinga. Saa nne asubuhi akaja Bi Kidawa mwenyewe. Hakutuma mtu. Kaja kwa miguu yake, kwenye mvua, khanga imemganda mwilini.

"Mtoto kakaa kizingiti, kakingama tumboni," akasema. "Huyu si wangu. Lete jeneza lako."

Miaka arobaini, na amesema si wangu. Nitamheshimu mpaka nakufa.

Wabebaji wote wa zamu walikuja. Wote. Selemani alikuwa wa kwanza, analia waziwazi. Kwenye kijito maji yalifika kifuani. Waliinua machela juu ya vichwa, mikono imenyooka, na Mzee Pazi amesimama ukingoni na magongo yake akipiga hesabu ya hatua: moja, mbili, simama. Sauti ile ya mikutano. Kwa mara ya kwanza ilikuwa na kazi. Nilimshika mkia wa khanga Bi Kidawa, yeye akanishika mkono, sijui nani alimvusha nani.

Upande wa pili, yakawa yale yale. Watu wakatupa majembe. Wengine walikuwa ni wale wale wa siku ile. Wawili wakasita, wakauliza kwanza kama huyu atainuka. Mzee wa tahalili naye akatokea, akafungua mdomo.

"Nyamaza wewe!" Bi Kidawa akamkemea. "Huyu anazaa!"

Zena akapiga kelele pale pale, kelele ya kupasua mbingu. Mbebaji mmoja karibu aachie mti. Halafu nadhani waliogopa zaidi uzazi kuliko mauti, maana walikimbia. Mzee yule akageuza tahalili kuwa dua ya kumwombea salama, huku naye anakimbia, kanzu kaishika mkononi.

Barabarani hakuna gari. Mvua. Basi likatokea kutoka Morogoro, limejaa. Dereva kaona watu na jeneza la bluu, akapunguza mwendo kwa heshima, akavua kofia. Bi Kidawa akaingia katikati ya barabara, akasimama mbele ya basi. Mwanamke mfupi kama mchi. Dereva akasimamisha.

Abiria walishuka kupisha kiti cha nyuma, kwenye mvua, hawakulalamika. Mmoja alilalamika. Wenzake walimshusha kwanza.

Yule daktari kijana alitupokea. Akamgusa Zena tumbo, akauliza nani aliyegundua mapema. Nikamwonyesha. Akamwambia Bi Kidawa, "Umeokoa watu wawili, bibi, Mungu akipenda." Bi Kidawa akamjibu, "Osha mikono kwanza." Nilitaka ardhi inimeze.

Wakampeleka kupasuliwa. Tulikaa kwenye benchi. Vidole vya Bi Kidawa vilikuwa vinacheza kwenye paja lake, vinamtafuta mtoto.

Saa kumi jioni tukasikia kilio. Mtoto wa kike. Kalia kama ana madai.

Alhamisi, 8 Aprili

Zena hai. Mtoto hai. Nimelala hapa hospitalini kwenye benchi mpaka jua likanichoma usoni. Bi Kidawa kagombana na muuguzi kuhusu uji. Nimefurahi. Sina neno jingine.

Jumatatu, 12 Aprili

Kijiji kizima kinajenga daraja upya. Fundi Mbwana kasema safari hii litakuwa la kudumu. Nimelitazama. Lina kifuniko pembeni.

Jumanne, 20 Aprili

Gari la kliniki limekuja. Lilisimama ukingoni mwa kijito, dereva akashuka, akaligusa daraja kwa mguu, akarudi kwenye gari, akafikiri. Kisha akavuka polepole. Likafika.

Mama thelathini na wawili kwenye foleni. Watoto walilia wote kwa pamoja, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja. Mzee Pazi kasema maneno machache. Machache kweli.

Hakuna aliyekuja kwenye sanduku langu. Nimefua vitambaa, nimevianika.

Jioni Bi Kidawa kapita na kunde kwenye ungo. Kakaa barazani. Tumemenya pamoja mpaka zikaisha. Kasema mke wa jirani yetu Jumanne yuko mwezi wa saba, mtoto anacheza sana upande wa kulia, kesho twende tukamwone. Twende, kasema. Wawili.

Nimesema sawa.

Kunde ni nyingi. Nitapika nusu, nusu nitampelekea Zena nyumbani kwake.