Ile Dawa Niliyokutangazia

Kagugu, Kigali

Kaka Deo,

Shikamoo. Wifi hajambo? Na Mama, goti linamruhusu kwenda shambani? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haitulii. Tangu juzi nimeshika kalamu mara nne na kuinuka mara nne. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nampa barua hii jirani yenu Mama Koku, aliyekuja kununua vitenge sokoni Kimironko. Anarudi Biharamulo na basi la kesho asubuhi.

Mama kaniambia umeacha vidonge vya kifua kikuu, wiki ya pili sasa. Eti umesema, "Editha kapata dawa mpya, nangoja hiyo, hizi zinanichafua tumbo." Kaka, kosa ni langu. Ulimi hauna mfupa. Ni mimi niliyekupigia nikipayuka "tumepata!"

Tulichopata ni hiki. Naipa kompyuta umbo la sehemu moja ya kile kijidudu cha kifua kikuu, nayo inajaribisha kemikali maelfu kwa maelfu, kuona ipi inaweza kukinasa hapo. Zilibaki kumi na moja, na moja ikapata alama za juu mno, nikashindwa kunyamaza. Lakini ilikuwa bado haijagusa kijidudu kilicho hai, wala panya, sembuse mtu. Ndiyo kwanza tumechekecha unga, na wewe umeshanawa mikono unangoja ugali!

Jana majibu ya maabara yakaja. Aliyeyaleta ni Claudine, anayetufanyia majaribio, Mnyarwanda aliyekulia Uganda. Nilimuuliza hata hajaketi.

"Pole, Editha. Zote kumi na moja zimekataa. Hata ile yako. Bakteria iko inakula tu, iko inazaana."

Nilitoka nje nikatembea, sijui hata nilipita wapi. Niliona aibu, kaka, na hasira juu. Niliporudi Claudine akanionyesha mstari wa mwisho wa karatasi. Kila jaribio tunaweka na dawa moja ya zamani, ya kulinganishia.

"Hii imeua zote," akasema. "Hii kila siku iko inaua."

Nikasoma jina. Ndilo lile lililoandikwa kwenye pakiti ambazo Mama anasema umezisukumia nyuma ya kabati.

Usianze kumeza kienyeji. Nenda kwa nesi wa zahanati leo hii, mwambie ukweli siku ulizokosa, na tumbo linavyokusumbua. Atakugombeza, vumilia. Mbona hata mimi mdogo wako nakugombeza. Na mwanao Neema mpeleke akapimwe. Ana miaka miwili tu, na Mama anasema bado analala kifuani kwako. Hilo ndilo linaloninyima kukaa kitini.

Nisalimie Mama, wifi, na baba mdogo wa dukani. Mama Koku nimemwomba akusubiri umalize kusoma, kisha akusindikize mpaka zahanati.

Mimi nitaendelea kutafuta dawa, kaka. Ya kwako ilishapatikana kabla hatujazaliwa.

Mdogo wako anayekuhitaji mzima,
Editha