Siku Akina Mama Walipojaza Fomu za Lori

Nekesa, mpwa wangu,

Pokea salamu huko Kampala. Nyanya yako ni mzima, na ng'ombe wangu amezaa ndama mkubwa mpaka jirani akauliza kama ni tembo.

Umeuliza kama maskini wanaweza kuifanya serikali iwafikirie. Mimi niliona kwa macho haya, na shule niliachia darasa la sita.

Zamani wachuuzi kama nyanya yako walivusha omena, vile visamaki vikavu, kwenye mpaka wa Uganda kwa njia za panya, kwenye matope. Wakikamatwa, beseni linachukuliwa, watoto wanalala njaa. Eti kwenye geti la forodha kuna fomu ya malori tu, ya wachuuzi hakuna. Basi chama chao kikaamua: kesho sote getini, kila mtu na beseni lake, kila mtu na fomu yake. Nilikwenda kuwasaidia, mabeseni saba juu ya kichwa kimoja.

"Mama, hii fomu ni ya lori!" ofisa wa forodha akapaza sauti.

"Basi niandike lori," nyanya yako akamjibu. "Magurudumu mawili. Dereva ni mimi."

Foleni ilifika mjini Tororo, kilomita nyingi kutoka getini, haki ya Mungu. Wanawake wale, Nekesa, wacha tu! Walirudi kila siku ya soko, hadi wakubwa wa forodha wakaja, wakaketi nao, wakafungua dirisha la wachuuzi wadogo, na fomu fupi.

Siku ya kwanza ya dirisha hilo, nyanya yako alivuka, akauza omena yote, akarudi. Kisha akavuka tena, mikono mitupu, kwa raha ya kupita getini tu, polepole, katikati ya barabara.

Mjomba wako,
Wandera