Chupa Sita za Udongo Kwenye Friza Yetu

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mke wa mpima udongo. Umri: miaka 24. Kazi: karani wa shule ya msingi. Makazi: nyumba ya kona, nyuma ya soko. Tarehe: 19, saa nne asubuhi.

...na kama nilivyoanza kukueleza pale mapokezi, afande, mume wangu hawezi kuharibu udongo. Huyu ni mtu anayeosha koleo kabla hajanawa mwenyewe. Tuna siku kumi na tisa za ndoa, tamu zote, isipokuwa hizi mbili ambazo yuko mahabusu yenu.

Mnamo Ijumaa tarehe 7, saa kumi jioni, alirudi na chupa sita za udongo wa bustani inayopokea samadi ya shamba la ng'ombe wa maziwa. Wenye shamba wanakana kuwachoma ng'ombe homoni. Maabara ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu, akazipanga kwenye friza yetu. Aliniambia, "Zikipata joto, mke wangu, vijidudu vya udongo vitaila homoni yote." Kando ya chupa hizo niliweka mfuko wa barafu zenye umbo la kopa, nilizomgandishia yeye.

Jumamosi saa tatu asubuhi tulikwenda kumsalimia mama yangu. Ufunguo tulimwachia yule aliyekuwa mpambe wa mume wangu kwenye harusi yetu, ambaye ni dereva wa shamba hilohilo la ng'ombe. Aliuomba mwenyewe. "Nendeni mkale asali, shemeji. Nyumba niachieni mimi."

Tulirudi Jumapili saa kumi na moja jioni. Mpambe alipoturudishia ufunguo aliuliza, "Chupa za bwana zimo salama?" Habari za chupa hatukuwa tumemwambia. Friza ilikuwa inaunguruma, lakini kopa zangu zilikuwa zimeshikana bonge moja, kama zilizoyeyuka zikaganda tena. Mume wangu akasema, "Umeme ulikatika tu, mpenzi," akaliandika hilo kwenye fomu ya maabara. Yeye humwamini kila mtu, ndiyo maana nampenda.

Jumatatu nilimuuliza jirani, fundi cherehani. Akanijibu, "Ukatike wapi? Nimeshona sare siku zote mbili. Au fungate imewazima nyinyi?"

Hayo sikumwambia mume wangu. Kumshuku shemeji kunavunja nyumba.

Tarehe 14 majibu yalitoka: dawa ya ugonjwa wa kiwele imo, homoni hamna. Mume wangu alinieleza kwamba dawa ile hung'ang'ania udongo kwa wiki nyingi, ila homoni, ikipata joto na hewa, siku moja huweza kuimaliza. Shirika la umeme likasema umeme haukukatika. Mwenye bustani, aliyeagiza kipimo, akamwita mume wangu mwongo aliyeharibu ushahidi, nanyi mkamchukua tarehe 17.

Bonge la barafu bado limo. Mwenzake mume wangu kazini amechimba udongo upya, chini kabisa ya shimo la samadi, kwenye tope lisilopata hewa, ambako homoni hukawia kuoza. Naomba mume wangu asiambiwe habari za mpambe wake na mtu mwingine. Nitamwambia mimi.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sikuongeza wala sikupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea, ameyakubali. Sifa za mume zisizohusu kesi nimeziacha. Shahidi ameahidi kurudi kituoni na majibu ya udongo mpya kabla mwezi haujaisha, mumewe awe ameachiwa au la.