Swaumu Zangu za Uongo na Kijiko cha Ngano

Jumamosi. Jua limewaka tangu saa mbili asubuhi, upepo hakuna, na mimi nimeshakwenda chooni mara tano. Naandika nikiwa na hasira na simwombi mtu radhi.

Nina ugonjwa wa siliaki. Nikila ngano, shayiri au chochote kilichochanganywa nazo, mwili wangu unaushambulia utumbo wake wenyewe. Miaka tisa nimetibiwa amiba, taifodi na vidonda vya tumbo. Damu ikapungua, miguu ikafa ganzi, mdomo ukajaa vidonda, na shangazi yangu akaniletea mganga kutoka Muheza anipunge jini. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nakula nini! Asubuhi maandazi, usiku chapati. Mwaka juzi daktari mmoja wa Dar es Salaam ndiye aliyeuliza, akapima, akautaja kwa jina.

Ukiwaeleza watu wanacheka: ugonjwa wa Wazungu huo. Upuuzi. Kana kwamba utumbo unauliza kabila.

Sasa niseme la aibu.

Mimi ninayemwandama kila mkubwa humu bloguni, ugonjwa huu sijawahi kuutaja nje ya nyumba yangu. Ukikataa chakula kwa watu, unaulizwa kama unaogopa kulogwa. Na nani anataka kuzungumzia kuhara mbele ya sinia? Nikapata njia: nasema nimefunga. Jumatatu nimefunga, Alhamisi nimefunga, hata Jumatano. Mtaani wameanza kuniita sheikh, nami nimewaacha waniite.

Jana baada ya sala tulialikwa Pongwe, kwa wazazi wa kijana anayemposa binti yangu Rukia. Sinia likaletwa. Kwa mazoea nikatamka: "Nimefunga."

Mzee Hemedi, baba wa kijana, akanitazama. "Leo Ijumaa, mkwe. Nani kakufundisha kufunga Ijumaa pweke, na sunna inakataza?"

Watu wakacheka. Nimenaswa. Nikachukua kipande cha mkate wa kumimina, maana ule ni mchele na nazi tu. Nilikuwa nimefika nusu ya kipande wakati mke wa Mzee Hemedi, Bi Mwanaidi, aliposema kwa fahari, "Wangu haumeguki. Natia kijiko cha unga wa ngano, ushikane."

Nikatema kiganjani. Mbele ya watu. Nikainuka, nikaondoka bila neno.

Leo asubuhi ujumbe umefika: Bi Mwanaidi hamwozi mwanawe kwenye nyumba inayomwona mchawi.

Rukia hakulia. Alisimama nje ya mlango wa choo akasema, "Baba, unagombana na serikali nzima, kusema tumbo linakuuma ndiko kumekushinda?"

Nikamwomba namba ya Bi Mwanaidi.

Nikapiga simu Pongwe. Nikamweleza Bi Mwanaidi yote, kuharisha, gesi, uongo wangu, na kwamba kijiko kile kimoja kinatosha kunilaza siku tatu.

"Mwanamume mzima!" akasema. "Ungesema, nikakupikia bada, ugali wa muhogo, na samaki. Mie usiku kucha nalia."

Kisha sauti ikashuka. Akaniuliza ganzi ya miguu ilianzaje. Mdogo wake wa mwisho, Zuhura, anaharisha mwaka wa pili sasa. Amekonda, damu haikai mwilini, na wiki ijayo wanampeleka kuaguliwa. "Nimwachishe mkate leo hii?"

Nilitamani kusema ndiyo. Lakini daktari wangu alinionya: ukiacha ngano kabla ya kupimwa, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha huna kitu. Nikamwambia aendelee kula kama kawaida, mganga asubiri, Jumatatu nitawapeleka mwenyewe hospitali wakachukue damu.

"Na la posa?" nikauliza.

"Njoo kwanza Jumatatu, mkwe."

Kwa hiyo leo nimemwambia mtu ampe mdogo wake chapati, huenda ndiyo inayommaliza. Hasira ni ileile, ila safari hii hakuna mkubwa wa kumwandikia makala. Miaka miwili nimekaa na maneno ambayo yangemfikisha Zuhura hospitali, nikayafunika kwa dini ili nisionekane ninahara.

Wangapi wengine wamekaa nami sinia moja, matumbo yanawasokota, wakingoja mtu mmoja tu aseme?