Msalaba wa Muindi

Kinoo, Juni 2007

Kwa shemeji yangu, Mama Mwongeli,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili, hata huu ninaoshikia kisu. Habari za huko Mwingi? Mgongo umekuachilia? Hapa Kinoo tuko wazima. Njambi wangu anauliza kama zile mbegu za mbaazi ziliota. Mimi afya yangu usiulize. Nimenenepa mpaka wateja pale Kenyatta Market wananiuliza kama nyama nachoma au namaliza.

Sasa keti chini, Kalekye. Unajua mimi ni mtu wa bahati, mtu aliyefika Kampala mara mbili na akarudi na viatu vyake. Lakini bahati ya juzi ni kiboko! Tumewapiga. Pale mjini, katika ofisi ya malalamiko ya haki za binadamu, wakili wa serikali alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatamka mbele ya watu kwamba marehemu mume wako hakuwa amelewa siku ile ukuta wa mawe ulipomwangukia huko machimboni. Alitamka polepole, kama mtu anayesoma somo kanisani. Basi waambie wazee wa kanisa watafute seremala.

Ngoja nikupe habari yenyewe, maana ina uchafu mwingi.

Wewe unakumbuka vile kesi ilifunguliwa Mwongeli akiwa mgongoni kwako. Leo Mwongeli amebeba wake. Kampuni ya machimbo iliandika kortini kwamba Muindi alikuja kazini akinuka pombe, na wazee wenu wakashika hapo hapo: kaburi la mlevi haliwekwi msalaba wala haliombewi, mpaka korti iseme vingine. Sikuwalaumu. Walidhani korti ni kama kikao chao, mnakaa asubuhi, jioni mmeamua. Hawakujua kuna mahali watu wazima wanalipwa mshahara ili wasiamue.

Jaji wa kwanza alihamishwa. Wa pili alienda semina, nadhani bado anasemina. Faili ikapotea, ikapatikana imewekewa birika la chai juu yake. Wakili wa kampuni kila akiona zamu yetu inakaribia anashikwa na mafua. Na mimi, shahidi, kila mara nimevaa suti yangu ya harusi. Siku hizi haifungi, nashikilia tumbo ndani kama askari wa gwaride. Sijawahi kuulizwa hata jina. Awiti, yule mwenzetu wa machimboni aliyekuwa shahidi mwingine, alizikwa mwaka jana na ushahidi wake kifuani. Nimebaki mimi tu niliyekunywa chai na Muindi asubuhi ile, tena kikombe kimoja, maana changu kilikuwa kimevunjika. Kama angekuwa na pombe mdomoni, nani angejua kuliko mimi?

Ndiyo maana ulinipa ruhusa niende ofisi ya malalamiko nikaishtaki serikali kwa niaba yako, kwa vile korti yake inachelewesha kesi. Jackie, yule binti wa ile ofisi, alinipokea vizuri, akaniita mzee nikakasirika kidogo. Juzi akatuketisha sisi na serikali tupatane. Kulikuwa na biskuti. Wakili wa serikali alikula nyingi, akapangusa vidole, akasema serikali inasikitika sana kwa kesi kuchukua muda mrefu, na iko tayari kukupa kitu cha kufuta machozi, bora tu ukubali kufunga malalamiko.

Nikamwuliza, na Muindi, mtasema hakuwa amelewa? Akasema hilo ni la korti. Nikamwuliza korti itasema lini. Akasema yeye hawezi kuisemea korti. Basi nikamwuliza, mheshimiwa, unasikitika nini hasa? Akasema anasikitikia ucheleweshaji. Shemeji, mtu anaomba radhi kwa kuchelewa kwa kitu ambacho hata sasa hakijafika! Nilitaka kutapika juu ya zile biskuti zao. Jackie aliangalia meza, akaninong'oneza kwamba wengine hawapati hata hiyo pole, mzee, pokeeni. Si mtu mbaya. Amezoea tu, na hilo ndilo lilinitia kinyaa zaidi.

Walinisukumia kalamu. Sikusaini. Jina la kuwekwa pale ni lako, na kufunga au kutofunga utasema wewe. Ukitaka kupokea, hakuna atakayekucheka, na mimi nitakusindikiza.

Lakini kuna neno lingine. Hii barua nilianza kuiandika ili mchungaji aisome kanisani. Nikaona kabisa vile wazee wangesikia habari ya wakili na kifungo chake cha koti, wakainuka, na wewe ukaona msalaba kabla macho hayajakuishia. Karibu niipeleke posta. Halafu nikamfikiria Muindi, ambaye hakuwahi kuongeza hata jiwe moja katika hesabu yake ya jioni. Mtu kama huyo, msalaba wake usimame juu ya porojo zangu?

Kwa hivyo nakuja Mwingi mwenyewe, Jumamosi ijayo, na ile suti, ifunge isifunge. Nitasimama mbele ya wazee niwaambie habari ya kile kikombe. Najua watasema wanataka neno la korti, si la mchoma nyama. Sawa, waniambie hivyo usoni.

Msalimie Mwongeli na mtoto wake, na majirani wote walionikaribisha siku ile ya mazishi. Njambi atakutumia majani ya chai. Na kama ulikuwa umeshafurahi pale mwanzoni mwa barua, nisamehe. Wakili hakusimama. Hakutamka lolote juu ya Muindi. Nilidanganya.

Ni mimi shemeji yako,
Gerishon