Dira Kaburini kwa Mama

Lapao, 9 Septemba 1986

Binti yangu Jumriah,

Assalamu alaikum. Miguu yangu ipo, macho yapo, hamu ya kula inakuja na kuondoka itakavyo. Wewe je? Meli ilikutapisha? Shangazi yako anasema uliondoka na uso mweupe, watoto wa shule watadhani wameletewa mzuka.

Tangu uondoke baada ya hitima ya siku ya saba, nyumba imekuwa kubwa mno. Bado nalala upande wangu wa kitanda. Ule wa mama yako siugusi.

Nina ombi. Siku ya arubaini nitaweka mawe ya kaburi, moja kichwani, moja miguuni, na nataka yaelekezwe sawasawa na kibla. Mjomba wako Tahere, aliyechimba na kumlaza dada yake, anasema, "Shemeji, utazame msikiti, basi. Msikiti haujahama." Lakini Tahere namjua, hata mkeka hajawahi kuutandika ukanyooka. Uliniambia mnafundisha habari za dira shuleni. Niazime moja.

Baba yako,
Paturusi

---

Penajam, 15 Septemba 1986

Baba yangu,

Waalaikum salaam warahmatullah. Mimi sijambo, ila moyo. Jana nilitenga sahani ya barongko ya ndizi kwa ajili ya mama, kisha nikakumbuka, nikaila mwenyewe huku nalia. Nawe kula, baba, tafadhali. Ndizi hazikukukosea kitu.

Dira anakuletea Nahodha Saing. Si ya kuazima, nimekununulia. Ilaze bapa kiganjani, usubiri sindano itulie. Ncha nyekundu ndiyo kaskazini. Na kibla chetu si magharibi kamili kama bibi alivyotufundisha. Nyoosha mkono kuelekea magharibi, kisha sogea kuelekea kaskazini kwa upana wa ngumi mbili. Hapo ndipo.

Usinione mjuzi. Wiki hii darasa limenitoa jasho. Niliwafundisha kwamba ncha za sumaku zinazofanana hufukuzana na zisizofanana huvutana. Yuni, yule mwenye maswali, akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa mbona kaskazini ya sindano inakimbilia kaskazini ya dunia? Si ingefukuzwa?" Nikafungua kitabu mbele yao. Kumbe dunia yenyewe ni sumaku kubwa, na huko kaskazini iko ncha ya kusini ya sumaku hiyo. Darasa likacheka. Anjas akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, kaskazini ni kusini, na sisi tunaenda wapi?" Kengele ikaniokoa. Hadi sasa nikilifikiria sana kichwa kinauma.

Binti yako,
Jumriah

---

Lapao, 20 Septemba 1986

Binti yangu,

Assalamu alaikum. Afya ni ya kushukuru. Usingizi ndio umenikimbia, na sababu ni hiyo dira yako.

Niliipima kwanza msikitini baada ya sala. Sindano ikatulia, nikahesabu ngumi mbili, mihrabu ikawa sawa kabisa. Nikafurahi. Nikatoka, nikachukua vitu vyangu kwa mlinzi wa ngazini, nikaenda makaburini. Nikachuchumaa kwa mama yako. Jumriah, kaburi limekwenda upande. Si kidogo. Nikarudia mara nyingi mpaka wapita njia wakasimama kunitazama.

Nikamwita Tahere. Nikamwambia, "Umemlaza dada yako anatazama nini, minazi?" Akasema, "Hicho kichezeo cha watoto wa shule ndicho kinakwambia hivyo?" Tumesemeshana maneno ambayo sitayaandika. Imamu Badaruddin ametutenganisha. Nilipomuuliza, alisema maiti aliyelazwa bila kuelekea kibla hugeuzwa, lakini iwe mapema, kabla udongo haujamchukua. Kwa hiyo siku haziningoji.

Nieleze wewe uliyesoma. Inawezekanaje dira iseme kweli msikitini na makaburini iseme vingine? Au inasema kweli kote, na mke wangu ndiye amekosewa?

Baba yako,
Paturusi

---

Penajam, 25 Septemba 1986

Baba,

Waalaikum salaam. Barua yako nimeisoma nimesimama bandarini, na hadi nafika nyumbani sijui nilipita njia gani.

Nakusihi usifanye lolote kwanza. Sindano huitii dunia, lakini dunia iko mbali na nguvu yake ni ndogo. Chuma kikiwa karibu, sindano huacha kuitii dunia ikafuata chuma. Leo nimewaonyesha watoto. Nilisogeza mkasi karibu na dira, sindano ikageuka yenyewe, Yuni akasema, "Mwalimu, haina msimamo." Tukacheka, lakini mimi nilikuwa nakufikiria wewe.

Angalia pale kaburini. Kuna uzio wa chuma? Jembe limesahauliwa? Una saa mkononi? Ondoa vyote, upime tena, uniandikie. Sisemi mjomba amekosea, wala sisemi amepatia. Sijui, baba. Natamani ningejua.

Binti yako,
Jumriah

---

Lapao, 30 Septemba 1986

Binti yangu Jumriah,

Assalamu alaikum. Mwili hauna neno.

Nimefanya ulivyosema. Uzio hakuna, jembe hakuna. Nimevua saa. Nimeacha mkanda wenye bizimu, funguo, hata ile sarafu niliyoishonea kwenye kofia. Nilibaki na shati, saruni na badiki yangu kiunoni tu, maana mwanamume hatoki nyumbani uchi. Dira nimeishika mwenyewe, sikumpa mtu. Jawabu ni lile lile. Kaburi limekwenda upande.

Nalala namwona amegeuza uso. Miaka thelathini na moja aliniamsha alfajiri nisali, mimi mvivu, yeye akinivuta shuka. Mwanamke huyo ndiye akose kibla? Siwezi, Jumriah. Imamu amekubali. Jumapili tarehe tano, asubuhi, tutamfukua tumgeuze. Tahere hasemi nami, lakini ameapa hakuna mkono mwingine utakaomgusa dada yake.

Baba yako,
Paturusi

---

TELEGRAMU
Penajam, Jumamosi, 4 Oktoba 1986

BABA USIFUKUE. BADIKI NI KISU, KISU NI CHUMA. IACHE NYUMBANI UPIME TENA. NAKUOMBA BABA. BINTI YAKO.

---

Lapao, 7 Oktoba 1986

Binti yangu Jumriah,

Assalamu alaikum. Mimi ni mzima, na mjomba wako ni mzima. Nimeanza na hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa.

Telegramu yako ililetwa jana Jumatatu, mchana. Jumapili posta hailetwi huku kwetu, na Jumapili asubuhi ndipo tulipofukua.

Imamu alisoma, tukafunika kwa vitambaa, Tahere akateremka. Mimi nilisimama juu na dira, badiki kiunoni, namwongoza, "Kidogo tena. Kidogo." Yeye aliyemlaza ndiye aliyemgeuza. Alipomaliza aliniuliza, "Umeridhika, Shemeji?" Nikamwambia nimeridhika.

Jana baada ya kuisoma telegramu niliitundika badiki ukutani, nikaenda makaburini nikijihisi nimesahau nguo. Nikapima. Ule mstari wa kwanza, alioulaza Tahere kwa kutazama msikiti, ndio uliokuwa sawa. Huu wa sasa ndio uliokwenda upande. Msikitini sindano ilisema kweli kwa kuwa badiki yangu huwa naiacha ngazini. Nimeivaa tangu nilipobaleghe, nakula nayo, nalima nayo. Uliniuliza habari za chuma, nami nikahesabu hata sarafu ya kofia. Ile sikuihesabu. Mpaka sasa sielewi ilikuwaje.

Nikamwita Tahere nikamwonyesha. Nilijua atanitukana, nikakaa tayari. Aliitazama sindano, akaketi chini, akalia, nami nikalia. Kisha akasema, "Dada angetucheka sisi wawili." Ni kweli, angetucheka.

Imamu amekataa kufukua tena. Anasema Mungu hutazama nia, na marehemu asumbuliwe mara ngapi? Nimemkubalia, nikaenda kumwomba mama yako radhi.

Wewe usijilaumu. Dira ilikuwa nzuri na maelezo yako yalikuwa ya kweli. Waendelee hao watoto kujifunza, na huyo Yuni mjibu kila swali, hata likikuumiza kichwa. Ila kabla hujampa mtu dira, mpekue kiunoni.

Mawe tumeyaweka leo. Tumeyafuatisha alivyolala yeye. Njoo likizo uyaone. Kila jioni mimi huenda nikakaa upande ule niliomwelekeza, karibu na uso wake, ili asiwe anatazama patupu.

Baba yako,
Paturusi